Midomo Niliyopulizia Moto

Swali la kwanza huwa ni lile lile. "Mama, ulikuwa unavuta sigara?" Nimeulizwa na madaktari, nimeulizwa na manesi, nimeulizwa hata na kijana wa bajaji anayenipeleka kliniki. Jibu langu nalo halibadiliki. Sijawahi kutia sigara mdomoni hata siku moja. Kilichoingia kinywani mwangu ni moshi wa kuni, tangu nikiwa na miaka 7.

Nina ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaobana njia za hewa na usiopona, madaktari wanauita COPD. Huu ni mwaka wa sita tangu niambiwe jina lake. Naandika haya nikiwa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nimeinama kidogo mbele, viwiko vimeegemea meza, maana mkao huo ndio unaonipa hewa. Kuandika nimekupenda kwa sababu hakuli pumzi. Nikizungumza, maneno hukatika katikati, na anayenisikiliza huyamalizia kwa namna yake, mara nyingi siyo niliyokusudia. Hapa naweza kufika mwisho wa ninachotaka kusema.

Nilizaliwa milimani Lushoto. Anayeijua baridi ya kule mwezi wa saba hahitaji kusimuliwa kwa nini moto ulikuwa ndani ya nyumba. Mafiga yalikaa katikati ya jiko lisilo na dirisha, na mahindi ya mbegu yaliwekwa darini juu yake ili moshi uyalinde na wadudu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama zimepakwa lami. Hakuna aliyeuona moshi kuwa adui. Ulitutunzia mbegu, na nyumba iliyofuka moshi jioni ilikuwa nyumba yenye chakula.

Mama ndiye aliyenifundisha kupuliza. "Usipulize kama unayezima koroboi," alikuwa akiniambia. Pumzi fupi ya nguvu hutawanya majivu tu. Pumzi ndefu, nyembamba, midomo imebanwa kama ya mtu anayepiga mbinja, ndiyo inayoamsha kaa lililolala. Unapiga magoti, unashusha shavu karibu na ardhi, unapuliza taratibu mpaka ukuni ushike. Sasa kifua kimebaki kitupu, kinadai hewa, nawe unavuta kwa nguvu huku uso wako bado uko pale pale mbele ya mafiga. Kila mpulizo nilioutoa ulirudi na moshi wake. Nikihesabu asubuhi na jioni za miaka 14, kabla hata sijaolewa, siwezi kupata idadi.

Kisha nikaja Tanga na mume wangu, Mungu amrehemu. Huku jiko lilikuwa nje, banda la mabati nyuma ya nyumba, limezibwa pande tatu kwa ajili ya upepo na mvua. Nikaanza kuuza vitumbua. Mchele unaloweka mchana, unausaga jioni, unauchanganya na tui na hamira, na saa tisa za usiku uko mbele ya chuma, kila tundu lina mafuta, moto chini yake. Kuni za kununua, kumbi za nazi na vifuu vya kuwashia. Miaka 27. Watoto wangu wanne wamesoma kwa vile vitumbua, na sitasema neno baya juu ya kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitoe bati moja la banda lile upande wa baharini ili hewa ipite.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Ulianza na kikohozi cha alfajiri chenye makohozi meupe, na kila mtu akasema ni baridi ya usiku. Baada ya miaka kama miwili nikaona siwezi kumaliza njia ya kutoka sokoni bila kusimama, nikawa nasimama kwenye maduka kana kwamba naulizia bei ya vitenge. Nilijua bei za vitenge vyote vya barabara ile. Nilipofika miaka 53 nikawa nasimama hata kati ya chumbani na uani, na pale hapakuwa na duka la kusingizia.

Zahanati niliyokuwa nakwenda walinipa dawa ya maji ya kikohozi na amoksilini, nikarudi, wakanipa tena. Baadaye wakasema ni pumu. Nikapimwa makohozi mara tatu kutafuta kifua kikuu, mara tatu hakikuonekana, lakini mtaani habari ilishatoka, na kikombe changu kikaanza kutengwa kwenye shughuli. Lile la kikombe liliniuma kuliko kukohoa. Simlaumu jirani anayeogopa kifua kikuu, anayo haki ya kuogopa. Ila kwa miaka mitatu nilitibiwa magonjwa ambayo sina kwa sababu hakuna aliyenipa kitu cha kupuliza ili apime.

Kipimo chenyewe ni kidogo na hakiumi. Wanakiita spirometria. Unabanwa pua, unatiwa bomba mdomoni, unajaza kifua mpaka juu, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote huku kijana wa maabara anakupigia kelele, "Puliza, puliza, puliza, mama, usiache, usiache!" Mtu mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yote anayoipuliza ndani ya sekunde ya kwanza. Mimi, hata baada ya kupewa dawa ya kupanua njia na kupuliza upya, nilitoa 52. Hapo ndipo daktari aliponieleza tofauti na pumu. Pumu hubana na kuachia, na dawa ikifanya kazi vizuri mtu anaweza kurudi karibu na hali ya kawaida. Huu wangu umebana na haurudi. Mirija imekuwa minene na imejaa makohozi, na vile vifuko vidogo vya mwisho ambako damu hupokea hewa, ambavyo mtu mzima anavyo mamilioni kwa mamia, vingi vyangu vimechanika na kulegea.

Akaniambia jambo jingine lililonifungua macho. Mimi nilidhani shida yangu ni kuvuta hewa. Akasema, "Hapana mama, shida yako ni kuitoa. Hewa kuukuu imekwama ndani, hakuna nafasi ya mpya kuingia." Tangu siku hiyo nimeacha kupigana kuvuta. Napigana kutoa.

Na namna ya kutoa ilinitoa machozi. Mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo, alinikalisha akasema nivute kwa pua huku nahesabu moja, mbili, kisha nibane midomo kama napuliza chai ya moto na kutoa polepole mpaka nne. Midomo ikibanwa hivyo, hewa inayotoka husukuma mirija isijikunje, na ile iliyokwama hupata njia. Alishangaa nilivyoipata mara ya kwanza bila kukosea. Nilikuwa najua kupuliza hivyo kabla yeye hajazaliwa. Ni midomo ile ile, pumzi ile ile ndefu nyembamba ya mama yangu, ila safari hii hakuna mafiga mbele.

Siku yangu sasa inakwenda hivi. Naamka kabla ya adhana kwa sababu kila kitu kinachukua muda. Nakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, nasubiri. Nakohoa makohozi ya usiku yatoke, natazama rangi yake. Meupe, tunaendelea. Yakiwa ya njano iliyokolea au kijani, na yakiwa mengi kuliko jana, hiyo ni habari, nampigia binti yangu simu kabla sijafanya lolote. Kisha dawa ya kuvuta, ile ya kila siku, sukutua mdomo na kutema ili usiote utando mweupe. Ndipo nainuka, na nainuka nikitoa pumzi. Kanuni hii imeniokoa kuliko nyingine: kazi nzito inafanywa wakati wa kutoa hewa. Kunyanyuka, kuinua ndoo, kupanda kizingiti, yote kwenye kutoa. Zamani nilikuwa nabana pumzi nikinyanyua kitu, kama tufanyavyo wote.

Wenzangu wa Tanga mnajua bomba likikatika tunavyoishi na madumu. Hakuna anayeoga ndoo nzima siku ya pili ya mgao. Unajua haya ni ya kupikia, haya ya choo, haya ya udhu, na mgeni akija unapunguza mahali. Pumzi yangu naigawa hivyo hivyo. Siku ya kufua sipiki. Siku ya kliniki sifui. Naoga nimekaa kwenye stuli ya plastiki, na navaa dera kwa sababu halina vifungo na halibani kifua. Vitu vyote ninavyotumia vimeshushwa kutoka kwenye makabati ya juu, maana mikono ikipanda juu ya mabega pumzi inakata mara moja. Misuli ya mabega ndiyo inayomsaidia mgonjwa kama mimi kuhema. Ukiipa kazi ya kuanika nguo inaacha kazi yake ya kwanza. Kusuka nywele za wajukuu nimeacha kwa sababu hiyo. Kukuna nazi pia. Kukaa juu ya mbuzi, tumbo limekunjwa, mikono inazunguka, ni kazi iliyojaa kila kinachonidhuru, na sikuwahi kufikiria ningekuja kuikosa namna hii.

Chakula nacho. Tumbo likijaa linasukuma kifua juu na hewa inakosa pa kukaa, kwa hiyo nakula kidogo mara tano badala ya sahani moja kubwa mchana. Maharage ya jioni nimeyaacha kwa ajili ya gesi. Lakini siachi kula, na hili nawaambia wote wanaotunza mtu wa namna yetu: kuhema kwenyewe kunakula nguvu, mchana na usiku, mtu anakonda hata kama amelala. Nilipungua kilo 11 kabla sijaelewa. Sasa kuna uji wa karanga, mayai, dagaa wa kusaga, parachichi likiwa msimu.

Kuhusu pampu ya kuvutia dawa nina ushuhuda. Mwaka mzima wa kwanza niliitumia vibaya. Nilikuwa nabonyeza kinywani kama mtu anayejipulizia marashi, dawa inaishia kwenye ulimi, halafu nasema dawa yenyewe haifai. Inatakiwa uitikise, utoe hewa yote, ubonyeze wakati unaanza kuvuta, uvute polepole, kisha ushikilie hadi kumi. Mikono yangu na pumzi yangu havikuwa vinakutana. Mjukuu wangu wa sekondari ndiye aliyenitengenezea chupa. Chupa ya maji ya nusu lita, anatoboa kitako kwa waya wa moto tundu la umbo la mdomo wa pampu, anaziba pembeni kwa gundi na utepe. Unabonyeza dawa ndani ya chupa, unavuta kupitia mdomo wa chupa bila haraka. Mtu asione ni uchochole. Madaktari wa Cape Town waliwajaribu watoto wenye pumu na chupa kama hizi, wakachapisha mwaka 1999 kwamba chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Inaoshwa kwa maji na sabuni, inaachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Na pampu ya buluu, ile ya haraka pumzi ikibana, ina dozi 200, kwa hiyo natia alama kwenye kalenda kila nikibonyeza. Ile ya kuitikisa kusikiliza kama kuna kitu imenidanganya mara mbili, mara moja ikiwa saa nane za usiku.

Usiku huo niueleze. Ilikuwa wakati wa mvua za masika. Nilikuwa na mafua siku tatu, makohozi yakageuka rangi, nikasema nitasubiri kidogo. Nikaamka nikiwa siwezi kutoa wala kuingiza. Hofu ni kitu kibaya sana kwa mtu wa mapafu, kwani ukiogopa unahema harakaharaka, na ukihema haraka hewa inazidi kukwama, na ikikwama unaogopa zaidi. Mwanangu wa kiume alinikalisha, akaniegemeza kwenye mito juu ya meza, akakaa mbele yangu. Hakusema "tulia, mama". Alibana midomo yake na kupuliza, taratibu, nami nikamtazama na kumfuata, mpaka bajaji ikafika. Hospitali walinitia kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, kikasoma asilimia 84. Wakaniwekea dawa ya mvuke, vidonge vya prednisolone vya siku tano, na antibayotiki. Oksijeni walinipa kwa kipimo, wakiitazama isipande sana. Nesi akanieleza kwamba kwa mtu kama mimi wanatafuta 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kumfanya abaki na hewa chafu ndani. Niliona watu wengine wodini wakiomba bomba lifunguliwe zaidi kwa ajili ya ndugu yao, kwa upendo kabisa. Afadhali tuulize kwanza.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mzito kwangu kwa namna nyingine. Masheikh wamekhitilafiana kama dawa ya kuvuta inafunguza. Nilimwendea wa msikiti wetu, akaniuliza kama ugonjwa unatarajiwa kupona. Nikasema hapana. Akaniambia nisijilazimishe, nilishe masikini mmoja kwa kila siku. Sala naswali kwenye kiti, kwa sababu kusujudu kunabana tumbo na naamka nikiona nyota. Mwaka wa kwanza nililia kwenye kile kiti. Sasa nimekizoea.

Yaliyo ndani ya nyumba yangu nimeyaweza. Yanayopita juu ya ukuta ndiyo yanayonishinda. Jirani akichoma takataka zenye mifuko ya plastiki, mimi siku yangu imekwisha. Dawa ya mbu ya kuchoma niliiacha tangu niliposoma kwamba watafiti waliipima, wakaona moja tu inatoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua kinatosha. Lakini nifanye nini na udi? Mimi ni mtu wa pwani kwa miaka 40 sasa. Harusi bila chetezo, hitma bila ubani, nani atakubali? Mwanzoni nilikuwa siendi, nikawa napoteza watu. Siku hizi nampigia mwenye shughuli mapema, namwambia ukweli, naomba kiti karibu na mlango upande upepo unakotoka. Wengi wananielewa. Shoga yangu mmoja alitoa chetezo nje ya ukumbi kabisa kwa ajili yangu, na kwa hilo namwombea kila siku.

Kitu kilichonirudishia maisha zaidi ya dawa yoyote ni kutembea. Nilidhani mtu asiye na pumzi anatakiwa alale. Yule binti wa mazoezi alikataa. Alisema miguu isiyotembea inadhoofika, na mguu dhaifu unadai hewa nyingi zaidi kwa hatua ile ile. Kwetu nguzo za umeme zimepangwa kando ya barabara, nikaanza kwa mbili. Kwenda moja, kurudi moja, nikiwa na mkongojo. Wiki ya tatu zikawa nne. Leo ni mwaka wa tano na natembea nguzo 11 siku nzuri, 3 siku mbaya, na siku mbaya nazo nazitembea.

Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu takribani milioni 3.5 duniani. Huko Masindi, Uganda, watafiti waliwapulizisha watu wa vijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30, wakatoa matokeo yao mwaka 2015: karibu 16 kati ya kila 100 walikuwa nao, katika nyumba ambazo karibu zote zinapikia kuni na mkaa. Nilipoisoma ile hesabu niliwafikiria wanawake wa Lushoto, wale wa rika langu wanaoambiwa ni uzee, wale wanaoambiwa wamerogwa, wanaokaa nje ya mlango jioni wamejiinamia mikono magotini. Ule mkao naujua. Ukimwona mama yako anakaa hivyo, mpeleke akapulize.

Serikali yetu ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nataka kwa moyo wote ufanikiwe. Nyumbani kwangu mtungi wa gesi upo tangu mwaka nilioambiwa ugonjwa. Chai, uji, wali, vyote gesini.

Vitumbua haviko gesini. Biashara aliichukua binti yangu mkubwa, na tulikaa pamoja tukapiga hesabu: chuma kikubwa, saa nne za moto kila usiku. Gesi inakula faida yote. Tumetoa mabati mawili ya banda, upepo wa bahari unapita moja kwa moja. Kuni anazinunua mapema na kuzikausha juani wiki kadhaa, kwa sababu mbichi ndizo zinazofuka. Amejaribu mkaa, moshi hauonekani lakini kichwa kikawa kinamuuma, maana mkaa unatoa hewa yake ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kipepeo cha ukindu kimening'inizwa pale ukutani, na mjukuu wangu wa miaka 8 haruhusiwi kuinama mbele ya moto. Akitaka kusaidia atapepea, akiwa amesimama.

Binti yangu ana miaka 38. Tangu mwezi uliopita namsikia akikohoa alfajiri, kikohozi kifupi chenye makohozi, kabla hajawasha moto. Anasema ni baridi ya usiku.

Jumatatu tunakwenda kliniki wote wawili. Nimeshamwambia bajaji aje saa moja kasoro, kwa sababu nahitaji dakika 20 kutoka chumbani hadi barabarani. Nimemweleza mwanangu avae nguo isiyobana, asile akashiba sana, na kijana wa maabara akimwambia apulize, apulize mpaka mwisho, asiache. Kupuliza anakujua vizuri. Nilimfundisha mimi.